Mtazamaji Aliyechoshwa na Filamu Kubwa na Tamthiliya za Korea: Mjadala wa Sauti Nne

Filamu zinazotawala majumba ya sinema duniani hutengenezwa na kampuni chache za Marekani kwa gharama inayofikia mamia ya mamilioni ya dola, na kwa kuwa fedha hizo sharti zirudi, kila filamu hutakiwa impendeze mtu wa kila nchi na wa kila rika bila kumuudhi yeyote. Matokeo yake ni mfululizo wa hadithi zinazofanana: shujaa mwenye nguvu zisizo za kibinadamu, mji unaobomolewa bila wakazi wake kuombolezwa, na mwisho unaotangaza filamu nyingine itakayofuata. Avengers: Endgame ya mwaka 2019 ilikuwa filamu ya 22 katika mfululizo ulioanza na Iron Man mwaka 2008, na ingawa ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote katika historia, wapo watazamaji wengi walioanzia hapo kutafuta kitu kingine. Mjadala ufuatao unapima jibu moja ambalo hutolewa mara kwa mara kwa watazamaji hao, na unawapa nafasi mtoa hoja, mpinga hoja na mchangiaji anayelitazama jambo kwa upande wa Afrika Mashariki, chini ya uongozi wa mwenyekiti.

MWENYEKITI: Hoja iliyo mbele ya baraza ni kwamba mtazamaji aliyechoshwa na filamu za mkondo mkuu, yaani zile zinazotengenezwa kwa ajili ya soko pana kuliko yote, apendekezewe tamthiliya za Korea Kusini. Neno tamthiliya litumike hapa kwa maana waliyoizoea watazamaji wa televisheni, ya hadithi ndefu ya kuigizwa inayorushwa sehemu kwa sehemu. Mtoa hoja anaombwa aoneshe kwanza ni kitu gani kinachopatikana katika tamthiliya hizo ambacho mtazamaji huyo amekikosa, kwa maana haitoshi kusema kwamba zimetoka mbali.

MTOA HOJA: Ndugu Mwenyekiti, mtazamaji huyo amekosa mambo mawili, nayo ni hadithi yenye mwisho wake na mwandishi mwenye sauti yake. Tamthiliya ya Kikorea ya kawaida inayorushwa usiku huwa na sehemu 16, kila moja ikichukua saa moja au zaidi kidogo, na kwa kuwa hurushwa sehemu mbili kwa wiki, hadithi nzima huanza na kukamilika katika muda wa miezi miwili. Mara nyingi huandikwa yote na mwandishi mmoja, na waandishi hao, ambao wengi wao ni wanawake, hujulikana kwa majina kama wanavyojulikana waigizaji: Kim Eun-sook, Noh Hee-kyung, Kim Eun-hee na Park Hae-young wana wafuasi wanaoifuata kalamu yao kutoka kazi moja hadi nyingine. Mwandishi anayejua kwamba ana saa 16 na kwamba mwisho utafika anaweza kuliweka jambo dogo katika sehemu ya pili, akaliacha litulie, kisha akalirudisha katika sehemu ya kumi na nne likiwa na uzito ambao filamu ya saa mbili haina nafasi ya kuujenga.

Mfano wa uandishi huo wa subira ni Dae Jang Geum, iliyorushwa na kituo cha MBC kuanzia Septemba 2003 hadi Machi 2004. Hii ni tamthiliya ya aina iitwayo sageuk, yaani hadithi ya kihistoria yenye mavazi na desturi za enzi za wafalme, nayo ni ndefu kuliko kawaida, kwa kuwa ina sehemu 54. Msingi wake ni mwanamke aliyetajwa kwa ufupi katika kumbukumbu za utawala wa Joseon kuwa tabibu wa Mfalme Jungjong, aliyetawala kuanzia mwaka 1506 hadi 1544. Katika sehemu za mwanzo, mtoto Jang-geum, aliyeingizwa katika jiko la ikulu, anaagizwa na mkufunzi wake, Bibi Han, amletee maji ya kunywa. Anayaleta, yanakataliwa, anayaleta tena, yanakataliwa tena, wala haambiwi kosa lake. Hatimaye mtoto anauliza kabla ya kwenda kuteka: je, tumbo linauma, choo kinapatikana vizuri, koo linasumbua? Anapojua kwamba koo lina maumivu, analeta maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na kumwomba mkubwa wake ayanywe polepole. Hapo ndipo anapofundishwa kwamba hata maji, yakishatiwa katika bakuli, ni chakula, na kwamba mpishi humwangalia mlaji kabla ya kuangalia chungu. Hakuna upanga uliochomolewa wala jengo lililoanguka, lakini mtazamaji amekwisha kumjua mwalimu na mwanafunzi wake, na Jang-geum anapokuja kuwa tabibu baadaye, maswali yale ya jikoni ndiyo yanayogeuka kuwa maarifa yake ya kumchunguza mgonjwa.

MPINGA HOJA: Ndugu Mwenyekiti, picha iliyochorwa ni nzuri, ila imechagua kilicho bora na kuficha kilicho kingi. Inasemwa kwamba mwisho wa hadithi hupangwa mapema, lakini Jumong, ambayo MBC iliirusha kuanzia mwaka 2006 hadi 2007 kuhusu mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo, ilipangwa iwe na sehemu 60 na ikafikishwa 81 kwa sababu watazamaji walikuwa wengi na matangazo yalilipa. Soko lililoirefusha hadithi hiyo ni ndugu wa soko linalorefusha mifululizo ya Hollywood, na mtoa hoja hana budi kulikiri hilo.

Aidha, uchovu wa kuona jambo lilelile haumwachi mtazamaji kwa kuvuka bahari. Mrithi wa tajiri mwenye majivuno humpenda msichana maskini mwenye moyo safi. Mama wa kijana humwita msichana hotelini na kumsukumia bahasha ya fedha ili aondoke. Gari hutokea njiapanda na kumgonga mtu wakati furaha inapokaribia. Aliyegongwa hupoteza kumbukumbu, na asiyegongwa hugunduliwa kuwa na ugonjwa usiopona. Mrithi huyo hutoka katika chaebol, yaani kampuni kubwa zinazomilikiwa na kuongozwa na familia moja kizazi hadi kizazi, na utajiri wake hupambwa kwa simu, magari na vipodozi ambavyo watengenezaji wake wamelipia vionekane, utaratibu ulioruhusiwa rasmi katika televisheni ya Korea tangu mwaka 2010. Mtazamaji aliyekimbia tangazo la saa mbili la wanasesere wa mashujaa atakuwa ameingia katika tangazo la saa 16.

MWENYEKITI: Hoja ya mazoea imeelezwa kwa nguvu. Mtoa hoja ajibu kwa kutaja kazi na kuonesha yaliyomo, kwa kuwa jibu la jumla halitamsaidia mtu anayetaka kujua atazame nini.

MTOA HOJA: Mazoea yaliyotajwa yapo, wala hayakanushwi. Swali ni kama yanatosha kuieleza sanaa nzima. Katika Stranger ya mwaka 2017, iliyoandikwa na Lee Soo-yeon kwa ajili ya kituo cha tvN, mhusika mkuu ni mwendesha mashtaka aliyepungukiwa na hisia baada ya kufanyiwa upasuaji wa ubongo utotoni, naye anashirikiana na askari polisi wa kike kuchunguza mauaji yanayofunua rushwa ndani ya ofisi yake mwenyewe. Wawili hao hawageuzwi wapenzi, hakuna mrithi wa kuokolewa, na kila sehemu inamwongezea mtazamaji swali kuhusu namna watu wema wanavyoingia katika uovu kwa hatua ndogo ndogo. Signal ya mwaka 2016, kazi ya Kim Eun-hee, ilichota kutoka katika mauaji halisi ya Hwaseong ambayo wakati huo yalikuwa hayajapata ufumbuzi, na muuaji wake akaja kutambuliwa mwaka 2019.

Kazi inayofaa zaidi kwa aliyechoshwa na mashujaa ni My Mister ya mwaka 2018, iliyoandikwa na Park Hae-young na kuongozwa na Kim Won-seok. Lee Ji-an, msichana wa miaka 21, ni kibarua wa ofisini mchana na mwosha vyombo usiku, akilipa deni ambalo hakulikopa yeye na kumtunza bibi yake asiyesikia. Chakula chake cha usiku ni masalia aliyoyachukua kazini na pakiti za kahawa ya unga alizozitia mfukoni ofisini, na kamera inamtazama akizimimina na kunywa gizani bila muziki wa kumwombea huruma. Usiku mmoja anamweka bibi yake katika toroli la dukani na kumsukuma njiani ili akauone mwezi, kwa kuwa kikongwe huyo alitamani kuuona. Park Dong-hoon, mkubwa wake kazini, ni mhandisi anayekagua uimara wa majengo, naye anaeleza kwamba jengo husimama pale nguvu za ndani zinapozidi nguvu za nje zinazolisukuma, na kwamba maisha ya mtu nayo yako hivyo. Kauli hiyo inabeba tamthiliya yote, kwa sababu kila mhusika anaonekana akisukumwa na deni, aibu, ndoa iliyovunjika au ukosefu wa kazi, na hadithi inauliza amebakiwa na nini ndani cha kumsimamisha.

MPINGA HOJA: Tamthiliya hiyohiyo ilipoanza ililaumiwa nchini Korea kwa sababu ya tukio la msichana huyo kupigwa na mkopeshaji, na kwa sababu ya kuwaweka karibu mwanamume mwenye familia aliyefikia miaka arobaini na kitu na msichana mdogo kiasi kile. Anayependekeza kazi bila kumtahadharisha anayependekezewa anamtendea isivyo haki. Jambo la pili ni zito zaidi. Kwa miaka mingi tamthiliya hizi zilipigwa picha huku zikiendelea kurushwa, mswada ukifika mahali pa kazi siku ileile, na wafanyakazi wakikesha usiku baada ya usiku. Mwaka 2016 mtayarishaji msaidizi kijana alijitoa uhai na kuacha maandishi yaliyolaumu hali ya kazi aliyoikuta, na kifo chake kikawa sababu ya madai ya mabadiliko katika sekta nzima. Uzuri wa toroli na mwezi umejengwa na mikono ya watu ambao hawakupata usingizi.

La tatu ni kwamba Korea yenyewe imekwisha kuwa mkondo mkuu. Hallyu, yaani wimbi la utamaduni wa Korea linaloenea nje ya nchi hiyo, halikuja kwa bahati. Serikali ilipitisha sheria ya kukuza viwanda vya utamaduni mwaka 1999, na mwaka 2023 Netflix ilitangaza kwamba ingewekeza dola bilioni 2.5 katika kazi za Korea kwa miaka minne. Squid Game ya mwaka 2021 ilikuwa hadithi ya sehemu tisa yenye hasira ya kweli juu ya madeni na kufukuzwa kazi, ikafuatiwa na msimu wa pili mwaka 2024 na wa tatu mwaka 2025, pamoja na michezo na bidhaa zenye nembo yake. Je, huo si mwendo uleule ambao mtazamaji ameukimbia?

MTOA HOJA: Lawama ya mazingira ya kazi ni ya haki, na anayezipenda tamthiliya hizi ana sababu zaidi ya kuunga mkono madai ya waliozitengeneza. Kikomo cha saa 52 za kazi kwa wiki kilichoanza kutumika Korea mwaka 2018 kimewapa wafanyakazi hao mahali pa kuanzia kudai haki. Kuhusu My Mister, mtazamaji atakayeifikisha mwisho atakuta kwamba uhusiano ule haukuwa mapenzi ya kimwili, bali watu wawili wanaotambuana katika taabu, ingawa tahadhari iliyoombwa itolewe.

Kuhusu fedha, ni kweli kwamba serikali na wawekezaji wamejenga njia, lakini fedha haikuwapa waandishi ujasiri wa kusema. Mwaka 1995, kabla ya sheria iliyotajwa, kituo cha SBS kilirusha Sandglass, tamthiliya ya sehemu 24 iliyoandikwa na Song Ji-na, ambayo iliingiza sebuleni mauaji ya Gwangju ya Mei 1980, pale wanajeshi walipowaua raia waliokuwa wakidai demokrasia. Zaidi ya nusu ya nyumba zilizokuwa zikitazama televisheni ziliifuata, na mwishoni mwa mwaka huohuo Chun Doo-hwan, jenerali aliyekuwa ameshika madaraka wakati wa mauaji hayo, alitiwa mbaroni. Hakuna anayedai kwamba tamthiliya ndiyo iliyomkamata, ila ni dhahiri kwamba taifa lililokuwa likijiandaa kumhukumu lilikuwa limekaa mbele ya hadithi yake usiku baada ya usiku. Utamaduni huo wa kulikabili jeraha la nyumbani ndio uliozaa Squid Game, ambayo mwandishi wake, Hwang Dong-hyuk, alimpa mhusika mkuu historia iliyochotwa katika mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha SsangYong wa mwaka 2009.

MWENYEKITI: Nafasi sasa ni ya mchangiaji, ambaye ameombwa aeleze jinsi mtazamaji wa Afrika Mashariki anavyohusika.

MCHANGIAJI: Ndugu Mwenyekiti, mtazamaji wa Afrika Mashariki si mgeni wa jambo hili. Jumong iliwahi kuwa gumzo mitaani Tanzania, ikizunguka kwa santuri za DVD na katika vibanda umiza, yaani vyumba vidogo vya kuoneshea video ambako watu hubanana kwenye mabenchi kwa kiingilio kidogo. Watazamaji hao walikuwa wamezoea kupata filamu za kigeni kupitia kwa wasimulizi, watu wanaofasiri na kusimulia juu ya picha kwa Kiswahili chenye mbwembwe, sanaa iliyompa umaarufu Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya. Kwa hiyo hoja inayobishaniwa hapa ilikwisha kupigiwa kura na mtaa kabla ya kufika barazani, na kilichobaki ni kuuliza ni kwa nini watu waliipigia.

Sababu moja ni adabu. Kijana wa tamthiliya za Kikorea hupokea na kumimina kwa mikono miwili mbele ya mkubwa, huinama anapoingia, na hugeuza uso pembeni anapokunywa mbele ya mzee. Heshima na uvunjaji wa heshima hiyo ndivyo vinavyosukuma migogoro mingi. Mtazamaji aliyelelewa kwa shikamoo anaona mara moja uzito wa mtoto kukaa kimya bila kuamkia, jambo ambalo katika filamu nyingi za Kimarekani halina maana yoyote.

Sababu nyingine ni ujirani. Reply 1988, iliyorushwa na tvN kuanzia mwaka 2015 hadi 2016 katika sehemu 20, inasimulia familia tano za kichochoro kimoja cha Ssangmun-dong mjini Seoul. Katika sehemu ya kwanza, jioni inapoingia, kila mama anamtuma mwanawe apeleke sahani ya kitoweo nyumba ya pili, na nyumba ya pili haimrudishi mtoto na sahani tupu. Watoto wanapishana kichochoroni huku na huku, hadi meza ambayo mwanzo ilikuwa na chakula cha aina moja inajaa vyakula vya majirani wote. Mtu wa Unguja, Mombasa au Lamu aliyepishana na watoto wenye sahani zilizofunikwa kabla ya adhana ya magharibi ya Ramadhani hahitaji kufafanuliwa tukio hilo. Katika sehemu hiyohiyo, binti Deok-sun amechaguliwa kubeba bango la Madagaska katika ufunguzi wa Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, kisha Madagaska, kama ilivyotokea kweli katika historia, inasusia michezo. Binti huyo analia, na mwishowe anaingia uwanjani akiwa amebeba bango la Uganda. Familia yake inaishi katika chumba kilichozama nusu chini ya ardhi kwa sababu baba yake alimdhamini rafiki katika mkopo, na hadithi hiyo ya dhamana inajulikana katika nyumba nyingi za huku.

Yapo pia mambo mawili ya kuangaliwa. Saa 16 za kutazama kwa simu zinakula bando, na mwenye kipato kidogo anastahili kuambiwa mapema urefu wa kazi ili apange. Kisha, mapenzi ya kilicho cha mbali yasizibe macho kwa kilicho cha karibu: Siri ya Mtungi, iliyotengenezwa Tanzania na kuanza kuoneshwa mwaka 2012, iliuweka mji wa Bagamoyo kwenye skrini kwa uangalifu wa uandishi unaofanana na huu unaosifiwa, na anayejifunza kutazama vizuri kwa Wakorea atakuwa na macho bora ya kuzidai kazi kama hiyo nyumbani.

MPINGA HOJA: Baada ya maelezo hayo, upinzani unapungua lakini hauondoki. Unachokataa ni pendekezo la jumla linalosema tazama za Kikorea, kana kwamba nchi nzima ni kazi moja. Likibadilishwa kuwa pendekezo la kazi iliyotajwa jina, kwa mtu anayejulikana amechoshwa na nini, pamoja na tahadhari zake, hapatakuwa na sababu ya kulipinga.

MTOA HOJA: Marekebisho hayo yanakubaliwa.

MWENYEKITI: Kwa kuwa pande zote zimekutana, uamuzi wa baraza ni kuipitisha hoja kwa marekebisho. Aliyechoshwa na mashujaa wasioshindwa aanze na My Mister, akijua kwamba sehemu ya kwanza ina ukatili na kwamba hadithi huenda polepole. Aliyechoshwa na fumbo linalofumbuliwa kwa risasi apewe Stranger. Anayetaka kitu cha kutazama pamoja na wazazi na watoto wakubwa apewe Reply 1988, na mwenye subira ya hadithi ndefu ya kihistoria apewe Dae Jang Geum. Squid Game isiwe mlango wa kwanza, wala isiwekwe mbele ya watoto. Kila mmoja aipe kazi aliyoichagua sehemu mbili kabla ya kuihukumu, kwa sababu waandishi hawa hujenga taratibu. Vituo vya televisheni na wanaoingiza sauti za Kiswahili wanaombwa wasikate sehemu ili kubana muda na wataje jina la mwandishi pale wanapoitangaza kazi, na msomaji atakayempendekezea mwenzake amtajie jina hilo pia, ili akimaliza kazi moja ajue pa kuitafuta nyingine.